Boti Iliyoinamia Ukingo

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, fundi Quới alipiga magoti ndani ya boti ya Lụa, akaweka pimamaji juu ya ubao wa katikati, akasubiri. Kipovu kikatulia katikati kabisa. Akaigeuza pimamaji, akaweka tena, kipovu kikatulia palepale. Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati la Rạch Cau, mashine imezimwa, watoto hawajafika.

"Shemeji, boti yako haina ugonjwa," alisema.

"Ngoja iwake."

Alimwita shemeji kwa kuwa yeye na mume wa Lụa, Thạnh, ni watoto wa ndugu. Thạnh mwenyewe alikuwa Bình Dương, kwenye kiwanda cha viatu, mwaka wa nne huo. Mchango wake katika jambo hili ulikuwa kupiga simu kila jioni kuuliza kama wameshaangalia propela.

Lụa akawasha mashine. Boti ikatoka gatini vizuri tu, ikashika mto, na walipokwenda kama mita hamsini ikalala upande wa kushoto. Si sana, vidole vinne hivi. Kikombe cha kahawa cha fundi kikateleza polepole juu ya ubao hadi kikagota ubavuni.

"Loo! Hii inakwenda mrama kweli," alisema Quới.

"Leo siku ya kumi na moja. Na Alhamisi mkaguzi anakuja."

Hakuna mtu Rạch Cau aliyehitaji kuelezwa Alhamisi maana yake nini. Boti inayoinama haipewi cheti, na isiyo na cheti haibebi wanafunzi. Lụa alikuwa akibeba wanafunzi ishirini na wawili kupanda mto hadi shuleni na kuwarudisha mchana, miaka kumi na mitano sasa, na hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Barabara ya kwenda shule ilikuwapo, lakini ilipita juu ya ukingo, na ukingo ulikuwa umeshaanguka mtoni mahali patatu. Boti ikikataliwa, watoto watakaa nyumbani.

Quới alikuwa fundi wa kuanza na kosa la bure kabla ya kosa la gharama. Akafungua mbao za sakafu akaangalia kama kuna maji: pakavu. Akapima tangi la dizeli: limekaa katikati. Watoto walipofika akawaketisha wote upande wa kulia, wamebanana na mabegi yao magotini, na boti ikapanda mto huku imelala kushoto. Akaangalia macho ya boti, yale yanayochorwa omoni ili chombo kione kiendako, akaona la kushoto limechujuka. Akalipaka rangi upya, nyeupe na nyeusi, na kulitakia heri. Ikalala vilevile.

"Basi ni propela," alisema.

"Thạnh atafurahi," alisema Lụa.

Jumanne asubuhi wakabadilisha propela. Ile ya zamani ilikuwa imemegeka jani moja, na Quới akaionyesha kwa watu wote waliokuwa gatini, kama daktari aliyetoa jino. Wakapanda mto na watoto: kushoto, vidole vinne. Quới akabaki shuleni siku nzima, akanywa kahawa vikombe vitano, na mchana wakashuka na watoto. Hapo boti ikalala upande wa kulia.

Fundi akavua kofia.

"Shemeji, tukipanda inalala kushoto. Tukishuka inalala kulia."

"Ndiyo."

"Upande ni mmoja! Mashariki. Sasa propela itajuaje mashariki?"

Akatambaa hadi ubavuni, akainamisha uso, akaona madoa mekundu juu ya ubao, mabichi.

"Humu nani anatafuna tambuu?"

"Bibi," alisema Mén, msichana wa darasa la nne.

"Bibi gani?"

"Bibi Nhàn. Mavyaa wake dereva. Anakaa hapohapo kila siku. Sisi tunamwamkia."

"Na kwa nini hamkusema?"

"Hamkuuliza," alisema Mén, na wenzake wakakubali kwamba hawakuulizwa.

Lụa akageuka kutoka kwenye usukani, akamtazama. Bibi Nhàn alikuwa amekaa ubavuni, mguu mmoja amekunja, kitambaa chake cha mirabaraba kichwani, akitafuna na kutazama ukingo. Nguo zilikuwa zikichuruzika maji. Alikuwa mzito kuliko alipokuwa hai, jambo ambalo Quới alieleza baadaye kuwa ni la kawaida kwa kitu kilicholoa.

Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, akazikwa bustanini, nyuma ya jiko, kama watu wote wa pale. Mwaka jana ukingo ulipoanza kupasuka, familia zilihamishwa, zikapewa viwanja kilomita sita ndani, mbali na maji. Amri ilitaja nyumba. Makaburi haikuyataja. Lụa na Thạnh walikubaliana kumhamisha mama wenyewe, na kwa kuwa mfu hahamishwi siku yoyote tu, wakaenda kwa mzee wa kalenda awachagulie siku njema. Mzee akafungua vitabu vyake, akawapa tarehe kumi na nane ya mwezi huu. Tarehe sita, saa sita mchana, ukingo ukaanguka na bustani yote, jiko, na kaburi. Lụa alisimama gatini akaona mpopoo wa mavyaa wake unaondoka umesimama wima. Alilia usiku kucha, na kesho yake akawapeleka watoto shule.

"Shikamoo, mama," alisema sasa.

"Marahaba. Nilidhani umekuwa kiziwi, na kipofu juu yake."

"Sikujua ni wewe."

"Sasa nani mwingine angepanda boti yangu bila nauli?"

Walipofunga kamba gatini na mashine ikazimwa, Bibi Nhàn akateremka majini kwa upande wa nyuma, na boti ikakaa sawa. Hilo nalo halikuwa na ajabu. Siku zote za uhai wake alikataa kukaa ndani ya boti iliyofungwa. Alisema ni kiti cha wavivu.

Lụa akaiwasha tena, akazunguka kidogo ili mavyaa wake arudi, na akamwomba kwa adabu.

"Mama, Alhamisi tunakaguliwa. Ukikaa ubavuni boti inalala. Kaa katikati, hapa kuna mto wa kukalia, hapa kuna kivuli."

"Katikati sioni nyumbani."

Alionyesha kwa kidevu. Pale alipoonyesha palikuwa na maji ya rangi ya udongo, na makuti ya mpopoo yaliyochomoza kidogo, yakitikiswa na mkondo. Bibi Nhàn aliyatazama kama anavyotazama mtu chungu alichoacha jikoni.

"Nikiacha kuangalia," alisema, "nitasahau ni wapi."

Lụa akarudi kwenye usukani.

Quới alikuwa na jibu. Uzito, alisema, dawa yake uzito. Jioni hiyo akaenda kwenye viwanja vipya, ambako pana rundo la mchanga wa mtoni lililobaki baada ya kujaza misingi, akajaza magunia manne, akayapanga upande wa magharibi wa boti. Wakatoka. Boti ikalala zaidi upande uleule wa mashariki. Vidole saba, maji yakaanza kulamba ubao.

"Toa hayo magunia!" alisema Bibi Nhàn.

"Mama, ni ya kukusawazisha tu," alisema Quới.

"Wewe Quới, tangu utoto hujui kuuliza. Mchanga huo naujua. Ulikuwa chini ya jiko langu."

Hakuna aliyembishia; aliishi juu yake miaka hamsini na minane. Wakafungua magunia wakaumwaga mtoni, mahali alipowaonyesha. Mita mia mbili kutoka hapo meli mbili za mchanga zilikuwa zimetia nanga katikati ya mto, mabomba yao chini, yakifyonza, kwa hiyo mchanga ule haukukaa sana. Quới akakunja magunia matupu, akayakalia.

"Mimi nimefika mwisho, shemeji. Mashine yako nzima, mkuku wako mnyoofu. Hapa palipobaki ni pako wewe na mavyaa wako."

Lụa alifika kiwanja namba themanini na nne, nyumbani kwake, akasimama mbele ya madhabahu ya familia. Picha ya Bibi Nhàn ilikuwa pale, na kijiko cha chokaa ya tambuu, na bakuli la uvumba. Akatazama kalenda. Kesho, Jumatano, ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo chake, karamu ya kila mwaka. Ndipo alipoelewa kilichomsumbua kwa siku zote hizi: alikuwa akimwita mavyaa wake kila jioni kwenye nyumba isiyo na gati. Mtu aliyetoka mtoni angefikaje?

Akapika tangu alfajiri. Watoto wa boti walipata likizo ya siku moja. Nyama ya nguruwe na mayai, iliyochemshwa polepole kwa maji ya dafu. Samaki wa mchuzi wa ukwaju na mananasi. Karela lililojazwa nyama. Wali, majani ya haradali ya kuchacha, tambuu sita zilizokunjwa vizuri. Majirani wakaja kusaidia kumenya, kila mmoja na maoni yake kuhusu chumvi. Thạnh akapiga simu.

"Madhabahu iko nyumbani. Chakula mnapeleka mtoni kwa nini?"

"Kwa sababu mama yako hajui kiwanja themanini na nne kiko wapi. Hata mimi nilipotea mara mbili."

"Mwambie nimemsalimu," alisema Thạnh. "Mwambie nitakuja Tết, mwaka mpya."

Saa nane mchana sinia zote zilikuwa ndani ya boti, zimepangwa juu ya mkeka. Quới alishika usukani, wakatoka gatini, na Bibi Nhàn akapanda akakaa ubavuni. Lụa akawasha uvumba, vijiti vitatu, akapiga magoti, akaita kama wanavyoita wanawake wote wa pale:

"Mama, leo ni siku yako. Njoo ule na wanao. Na walio pamoja nawe, karibuni."

Hayo maneno ya mwisho alisema kwa mazoea. Kila mama wa nyumba huyasema, maana si adabu kumwita mgeni mmoja ukawaacha jirani zake mlangoni. Kule bustanini zamani yalimaanisha shangazi wawili watatu wa ukoo. Hakufikiria kwamba sasa mavyaa wake ana majirani wengine.

Wakapanda wengine kumi kutoka majini. Walishika ubavu mmoja baada ya mwingine, wakajivuta, wakatikisa miguu ili wasiingize tope, wakasalimia. Walikuwa watu wa ukingo ule, wote makaburi yao yalikuwa yameanguka, huyu mwaka huu, yule mwaka jana. Alikuwapo mzee Nghĩa, mwalimu wa hesabu, na miwani yake. Walikuwapo dada wawili waliouza mboga mtoni na wakafa wamenuniana. Alikuwapo mama mmoja mdogo ambaye hata Lụa hakumjua, akiwa na mtoto mchanga kifuani.

"Samahanini, nimepika cha watu wanane," alisema Lụa.

"Kinatosha," alisema mwalimu Nghĩa. "Sisi hatuombi nyongeza."

Wakakaa kama watu wanavyokaa karamuni, wakitazamana, sinia katikati. Bibi Nhàn alibaki ubavuni mwake, na wengine wakajaza upande wa pili kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Dada wawili wa mboga wakakaa mbalimbali, mmoja omoni, mmoja tezini. Quới akachomoa pimamaji mfukoni, akaiweka kati ya bakuli la samaki na bakuli la wali. Kipovu kikayumba, kikasogea, kikatulia katikati.

"Shemeji," alisema, "njoo uone."

Lụa akaona, akaanza kulia. Wanawake wa pale hawawashukuru mavyaa zao, wanawapikia, inatosha. Lakini alikuwa na jambo hilo kooni miaka sita, na boti ilikuwa imenyooka.

"Mama, asante," alisema. "Nilikuja kwako na miaka kumi na tisa, siwezi kuogelea, naogopa hata sauti ya mashine. Ulinishika kiuno majini kila asubuhi mpaka nikaweza. Na siku shemeji zangu waliposema boti ni ya wanaume, uliandika jina langu mbele yao. Sikuwahi kukuambia. Ninakula kwa sababu yako. Asante."

Bibi Nhàn alitafuna.

"Mchuzi una chumvi," alisema. Kisha akaufuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Nilikuwa na njaa, mwanangu. Siku kumi na tatu hakuna aliyeniita mahali ninaposikia. Asante na wewe."

Wengine nao wakashukuru, mmoja mmoja, kwa sauti za watu walioshiba. Wakala hadi wali wa mwisho. Yule mama mdogo akauliza kama anaweza kupanda tena kesho, akaambiwa boti hutoka saa kumi na mbili na nusu.

Alhamisi mkaguzi akaja, bwana Khoa, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye begi la plastiki lililojaa karatasi. Alihesabu majaketi ya kuokolea, akapiga honi, akagonga mbao. Kisha akasema watoke. Watoto walikuwa ndani, wote ishirini na wawili. Mashine ikawaka, kamba ikafunguliwa, na wale kumi na mmoja wakapanda, kila mtu mahali pake pa jana.

Boti ikaenda imenyooka. Bwana Khoa akapima mara tatu, akaandika. Kisha akachungulia nje akautazama mstari mwekundu ambao maji hayatakiwi kuupita. Hakuuona, ulikuwa umezama.

"Dada, umebeba wangapi?"

"Wanafunzi ishirini na wawili, na mimi."

"Na hawa wazee?"

"Hao hawahesabiwi, bwana mkaguzi. Walishakufa."

Bwana Khoa akageuza fomu mbele na nyuma. "Fomu inauliza waliomo," alisema. "Haiulizi zaidi ya hapo." Akawaamkia wazee wote, kwa zamu, kama alivyolelewa, halafu akaanza kukokotoa. Boti iliruhusiwa abiria ishirini na wanne. Akatoa wale kumi na mmoja, akaandika idadi ya wanafunzi kwa safari: kumi na mbili.

"Khoa," alisema mwalimu Nghĩa kutoka upande wa pili.

"Naam, mwalimu."

"Rudia."

Khoa akarudia, masikio yakiwa mekundu, akaandika kumi na tatu. Watoto wakacheka, na Bibi Nhàn akasema si ajabu nchi iko hivi. Cheti kikagongwa muhuri hapohapo, juu ya goti.

Lụa alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cheti, kilikuwa na jina lake, na kazi yake ilikuwa bado ipo. Atakwenda mara mbili asubuhi na mara mbili mchana. Ataamka mapema zaidi. Hilo halikuwa neno.

"Asante sana, bwana mkaguzi. Mungu akubariki." Kisha akaonyesha katikati ya mto, kwa heshima tu, kwa kuwa fomu zilikuwa zimeshatoka. "Na zile meli za mchanga?"

"Nilizikagua asubuhi," alisema bwana Khoa. Alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimeloa kwa kukaa karibu na wazee. "Zimenyooka, dada. Vibali vyao kamili, vya miaka mitano."

"Na ukingo?"

"Ukingo si chombo. Mimi nakagua vyombo."

Hakumdanganya, na Lụa alimshukuru tena, na akampa dafu la njiani.

Tangu hapo boti hiyo imekuwa njema kuliko zote za mto ule. Wafu hawakai bure. Dada wa mboga hufua maji yakiingia, mmoja mbele mmoja nyuma, na wameanza kuombana kata. Mwalimu Nghĩa huwasomesha watoto jedwali la kuzidisha kupanda mto, na la kugawanya kushuka, na mwaka ule hakuna mtoto wa Rạch Cau aliyeshindwa hesabu. Akina mama wa viwanja vipya huleta tambuu, huleta viatu vikavu, na hupanda siku za mapumziko kuwasalimia watu wao. Hulia kidogo na kucheka sana. Thạnh alikuja Tết, akakaa siku nne ubavuni kando ya mama yake, hakuuliza habari za propela. Lụa hushukuru kila asubuhi, kwa sauti, na amezoea hata haoni haya tena.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, kipande kingine cha ukingo kilianguka, chini kidogo ya gati, urefu wa nyumba tatu. Hakuna aliyeumia. Jumatano asubuhi watoto kumi na watatu wa safari ya kwanza walikuwa wameshakaa, mashine inanguruma, wazee mahali pao, Lụa ameshafungua kamba. Mkono ukashika ubavu. Mzee mmoja mrefu akajivuta ndani, udongo mbichi mabegani, nywele zinachuruzika, akaomba radhi kwa kuchelewa. Boti ikazama kidole kimoja.

"Karibu, babu," alisema Lụa. "Kaa upande wa kulia, tafadhali."

"Asante, mwanangu, kwa kunisubiri."

Mén, aliyekaa mwisho karibu na gati, akachukua begi lake, akaruka chini kungoja safari ya pili. Lụa akachomoa kalamu kwenye nywele, akafuta kumi na tatu kwenye cheti kilichobandikwa juu ya usukani, akaandika kumi na mbili, akaiondoa boti.